Majumba ya Wales: Yatunzwe kwa Ajili ya Nani?

Msikilizaji, tugeukie Wales. Mwaka 1986 mwanahistoria wa usanifu majengo, Thomas Lloyd, alichapisha kitabu kuhusu majumba ya mashambani yaliyobomolewa au kubaki magofu. Faida yake ni hii: ukijua kilichopotea, utakithamini kilichosalia.

Sasa, kwa nini jambo hili likuhusu? Kwa sababu jumba si la tajiri peke yake. Lina jasho la seremala, mpishi na mtunza bustani. Chukua mfano wa jumba la Erddig. Uchimbaji wa makaa ya mawe chini yake uliifanya nyumba hiyo ititie, ikakabidhiwa shirika la uhifadhi la National Trust mwaka 1973. Leo wageni huzikuta humo picha za watumishi.

Lakini kuna upande wa pili. Kasri la Penrhyn limesimama juu ya utajiri wa machimbo ya mawe na mashamba ya miwa ya Jamaika, yaliyolimwa na watumwa. Wapo wasemao kulitunza ni kumtukuza bwana. Wengine hujibu: ukuta ukianguka, hufukia na ushahidi.

Je, msikilizaji, jengo lenye historia chungu ungelibomoa, au ungeliacha lisimame liseme yote?