HOTUBA YA MWENYEKITI: HABARI YA NYUMBA NA PAA LAKE



Leo tumetimiza miaka kumi, alhamdulillahi. Shukrani kwa waliotusaidia zimo katika kurasa nyingine za kijitabu hiki, kwa hiyo hapa tutasema jambo moja tu, la nyumba, maana ndilo linalotugawa.

Wote mnajua lilivyoanza. Mwenzetu alifiwa na mume, na eda haijaisha akaambiwa na warithi atoe vyombo vyake. Leo alilala kwa huyu, kesho kwa yule. Tukasema, jamani, sanduku letu lina kufuli tatu, lakini sisi wenyewe hatuna mlango hata mmoja wa kufunga. Ndipo tukaanza fungu la nyumba. Sasa ipo nyumba kuukuu ya mawe hapa Kilindoni, ya ghorofa, wenyewe wanaiuza. Zinaweza kutoka sehemu sita za kukaa kina mama. Wengine wanasema tununue. Wengine wanasema fedha igawanywe, kila mtu akaezeke kwake.

Ndiyo maana tulikwenda watu watano Unguja kutazama. Tulivuka Nyamisati, tukapitia Dar es Salaam, na bahari siku ile haikutuonea huruma.

Nyumba za Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe na chokaa, dari za boriti, sawa na hii yetu. Vyumba vyembamba, kwa sababu boriti ya mkoko haifiki mbali. Zamani nyumba moja ilikuwa ya ukoo mmoja. Baada ya Mapinduzi ya 1964 Serikali ilizichukua nyingi, familia zikawekwa humo, hawa chumba kimoja, wale viwili. Watu walipata pa kukaa, hilo hatulikatai. Ila paa hakugawiwa mtu.

Katika nyumba tuliyokaribishwa, mama wa juu kabisa alikuwa amepanga mabeseni. Tukamwuliza, mbona hamchangi? Akacheka. Eti wa chini wanasema mvua si yao. Tuliposhuka kwa hao wa chini tukakuta ukuta umevimba, maji yameteremka ndani kwa ndani mpaka kwao! Fundi mmoja mzee akatuonyesha palipozibwa kwa saruji. Akasema saruji inafungia unyevu ambao chokaa ingeuachia utoke, kwa hiyo plasta inabanduka, na kichwa cha boriti kinaoza ndani ya ukuta bila mtu kukiona. Siku ya kuanguka dari haipigi hodi. Hata Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 na watu wawili wakafa. Na mji huo uko katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000.

Kumbe hata hapa kwetu tungeliona. Nendeni Chole. Wajerumani walipohamishia ofisi Kilindoni mwaka 1913, yale majumba ya mawe yalikosa wa kuyatunza, na leo wapangaji wake ni mizizi.

Sisi tuliokwenda tulirudi tunasema tununue, lakini si kwa namna ile. Huku Bara ipo sheria ya mwaka 2008 inayomruhusu mtu kuwa na hati ya sehemu yake ndani ya jengo, na wote kuwa na umoja wa kutunza paa, ngazi na kuta. Basi tunapendekeza fungu la paa litangulie, kabla ya kupaka rangi chumba chochote. Atakayekaa chini atoe sawasawa na wa juu. Na ufunguo mmoja wa fungu hilo akae nao mama wa chini, ili asije akasema mvua si yake.

Wanaotaka mgawo nao watasikilizwa, maana fedha ni ya wote. Kura ni Jumamosi ijayo baada ya alasiri. Kila mmoja aje na daftari lake la hisa.