FUNDI WA TOVUTI NA SISI
(Maneno ya Katibu mbele ya wanachama)

Ndugu wanachama,

Tumekubaliana kumlipa fundi atutengenezee tovuti, wanunuzi wa Arusha na kwingineko waone asali yetu. Vizuri. Lakini jamani, yule wa kwanza tulimpa hela zote siku moja, akaondoka na maneno ya siri, na simu hapokei. Kosa letu pia: tuliona aibu kuuliza.

Safari hii tufanye hivi:

1. Jina la tovuti, lile linaloishia na .co.tz, lisajiliwe kwa jina la ushirika, siyo la fundi. Ng'ombe mwenye alama ya jirani, hata tukimlisha sisi, si wetu.
2. Jina hulipiwa kila mwaka. Mweka hazina aandike tarehe daftarini.
3. Mkataba usomwe mbele ya wote. Malipo kidogo kidogo, kazi ikionekana.
4. Maneno ya siri yakae ofisini kwetu.
5. Vijana wawili wakae na fundi, wajifunze kubadilisha bei na picha wenyewe.

Wengi wetu tulishika kalamu ukubwani, darasa la watu wazima. Aibu haikutuua. Basi tuulize.

Elimu haina mwisho.

Katibu