Wiki ya kwanza: maneno yaliyosemwa kwenye mkutano wa wanachama, Kasongo



Waliniomba niseme juu ya kazi yetu ya kuandikisha watu. Mimi nitasema juu ya safari moja tu.

Tarehe 22 Mei 2021, jioni, volkano ya Nyiragongo ilipasuka juu ya Goma. Rafiki yangu, binti wa Kabambare tuliyesoma pamoja, alikuwa anakaa Buhene. Mawe ya moto yalifunika nyumba yake. Siku tano kisha, serikali ikaamuru sehemu kubwa ya mji itoke. Akapanda boti na watoto wawili, akaenda Idjwi, kile kisiwa kikubwa katikati ya ziwa Kivu. Hakuwa na ndugu kule hata mmoja.

Mwezi wa nane nikaenda kumuona. Nilipanda boti Bukavu. Tulibanana na magunia ya unga, kuku na bido za mafuta. Jile za kuokoa maisha hazikutosha watu, nikaomba Mungu kimya-kimya. Ziwa lile ni kazi ya volkano: zamani maji yalienda kaskazini, milima ya moto ikafunga njia, maji yakajaa mpaka yakatokea kusini kwa Ruzizi. Toka pale yanaingia Tanganyika, yanatoka kwa Lukuga, yanafika Lualaba. Ni kusema, maji ya Idjwi yanapita hapa kwetu.

Nilipanda mlima mkali mpaka miguu ikatetemeka. Nikamkuta analima maharagi. Kisha salamu, nikatoa fishi zangu nimwandike. Akacheka: "Ndugu yangu, wewe umekuja na karatasi. Mama wa hapa alikuja na sahani."

Mama huyo aliwaona kwenye kivuko, watoto wanatetemeka na baridi. Hakuuliza kadi. Aliwapa chakula, mahali pa kulala, kisha kipande cha shamba. Watu wa Idjwi wanajua jambo hilo. Mwaka 1994 walipokea wakimbizi wengi toka Rwanda.

Nilisikia haya, maana mwezi wa sita rafiki huyo aliniandikia kwa simu kuomba msaada. Nilimjibu: "Ngojea, tutakuandikisha." Alingojea wiki saba. Kosa hilo ni langu.

Lakini alinionyesha pia daftari. Chumvi, sabuni, kopo la mbegu: kila kitu alichopewa ameandika mwenyewe. Alisema, "Nikipata, nitajua nianzie wapi kurudisha."

Wapendwa, wengi wetu tulirudi toka Nyarugusu, wengine toka pori la Kabambare. Kila mmoja anakumbuka nani alimfungulia mlango usiku wa kwanza. Basi ninaomba hivi: kwa makuta ya likelemba na ya wafadhili, tutenge fungu la wiki ya kwanza. Unga, chumvi, sabuni, kitenge. Anayefika apewe siku ile ile, wamama wawili wa mtaa wakiwa mashahidi. Kuandika kufuate, si kutangulie. Na ninyi wafadhili mtaona daftari kila mwisho wa mwezi, mstari kwa mstari.

Mkutano ujao tutapiga kura. Mbele ya kuinua mkono, kila mtu akumbuke mlango wake.