Asubuhi Isiyo na Ripota

Msikilizaji, ukiwasha televisheni asubuhi nchini mwetu, iwe ni Kumekucha ya ITV, Jambo Tanzania ya TBC, Clouds 360 au Tuongee Asubuhi ya Star TV, utakutana na usomaji wa magazeti. Kurasa za mbele zinapita moja baada ya nyingine, mtangazaji anasoma vichwa vya habari, kisha anakaribishwa mgeni na mjadala unaanza. Vipindi hivi vinapendwa, na wengi wanaoviendesha ni waandishi wa habari hodari. Linalonisikitisha ni kwamba uhodari huo unaishia kusoma kazi ambayo wenzao waliimaliza jana, katika saa ambayo mwananchi ana haja kubwa ya kujua ya leo.

Kurasa za gazeti hufungwa usiku, kwa hiyo kinachosomwa saa 12 asubuhi ni kile kilichojulikana kabla mitambo haijaanza kuchapa. Meli ya MV Spice Islander ilizama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 karibu na Nungwi, ikielekea Pemba, na watu zaidi ya 200 wakapoteza maisha. Kulipokucha, magazeti ya siku hiyo yalikuwa yameshachapwa. Wala tusingoje msiba mkubwa kiasi hicho. Mvua kubwa ikinyesha usiku Dar es Salaam, Mto Msimbazi hufurika Jangwani na Barabara ya Morogoro ikafungwa. Mkazi wa Kimara anayekwenda Kariakoo anapaswa kulijua hilo kabla hajafunga mlango wake, siyo akiwa amekwishakwama Magomeni. Kule Mwanza, soko la Mwaloni Kirumba huuza dagaa wanaofika hadi Congo, na bei ya asubuhi hiyo ni habari nzito kwa mvuvi na kwa mchuuzi. Haimo katika ukurasa wowote wa mbele. Ataipata ripota aliyesimama sokoni.

Wapo watakaosema kwamba gazeti halifiki vijijini, au linafika jioni, na kwamba usomaji huu ndio gazeti la maskini. Ni kweli, na ndiyo maana sitaki uondolewe. Mwaka 2017, Dk. Harrison Mwakyembe, akiwa Waziri wa Habari, aliagiza redio na televisheni ziishie kwenye vichwa vya habari, kwa hoja kwamba kusoma habari kwa undani kunawaua wenye magazeti. Agizo lile lilihusu mauzo ya magazeti. Swali la nani anatafuta habari za alfajiri lilibaki pale pale. Usomaji ufupishwe, uchukue dakika chache, muda unaobaki apewe ripota aliyeko mtaani. Hoja hii inatuhusu na sisi wa redio, kwa kuwa nasi tunasoma magazeti hayo hayo.

Pingamizi zito zaidi ni la gharama. Gari la matangazo ni ghali, na kumtoa mwandishi nyumbani saa 10 alfajiri kunahitaji usafiri na usalama wake. Lakini siku hizi simu yenye intaneti inaweza kurusha picha mubashara, na karibu kila mkoa una waandishi wa kujitegemea wanaolijua eneo lao kuliko mtu yeyote aliyeko studio. Tatizo ni kwamba wengi wao hulipwa kwa kila habari inayotumika, na malipo yenyewe ni madogo. Hakuna atakayekesha sokoni au ufukweni kwa matumaini tu. Kituo chenye fedha za kupamba studio kianze na malipo ya watu hao. Na mtangazaji, ambaye ni mwandishi kabla ya kuwa sura ya kituo, amhoji ripota wake hewani: barabara imefungwa kuanzia wapi, nani ameifunga, njia gani inapitika, wakati mtazamaji bado anaweza kubadili safari yake.