Kusoma Hakungoji Nafasi

Hotuba hii ilitolewa na mmoja wa wanafunzi wa zamani, bwana shamba mstaafu, katika mkutano wa mwaka uliofanyika katika bwalo la shule mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa.



Katibu aliponiandikia aliniomba niseme machache juu ya kusoma vitabu katika maisha ya kila siku. Nilicheka peke yangu. Wamo humu wenzangu wanaokumbuka kuwa nilikuwa kiranja wa maktaba, na bila shaka wanadhani nimesimama kujisifu. La hasha. Nimekuja kuungama. Wahenga walisema mficha uchi hazai, nami kwa umri huu sina tena la kuficha.

Sisi tuliokuwa hapa mwanzoni mwa miaka ya 1970 tulisoma kweli kweli. Kitabu cha Muhammed Said Abdulla, Mzimu wa Watu wa Kale, kilikuwa kimoja tu katika maktaba nzima, jalada lake limekwisha kuchanika, na orodha ya waliokingoja ilikuwa ndefu kuliko foleni ya chakula siku ya nyama. Taa zilipozimwa saa nne usiku tulisoma watatu watatu chini ya blanketi moja, na mwenye tochi ndiye aliyekuwa na haki ya kufungua ukurasa, hata kama wengine hawajamaliza. Mimi nilijifunza kusoma upesi kwa sababu sikuwa na tochi.

Kisha tukafanya mtihani, tukaenda zetu. Mimi nilikwenda chuo cha kilimo, na siku niliyopewa cheti nilifunga vitabu vyangu katika sanduku la bati, nikalisukuma chini ya kitanda. Nilianza kazi mwaka 1978. Kwa muda wa miaka saba sikusoma kitabu hata kimoja. Nilisoma stakabadhi, nilisoma barua za ofisi mistari miwili ya kwanza, na nilisoma gazeti lililofungiwa maandazi. Mtu akiniuliza, nilijibu kwamba sina nafasi. Mchana niko kazini, jioni nimechoka, usiku mafuta ya taa hayapatikani. Mnaokumbuka miaka ile mnajua kuwa habari ya mafuta ya taa ilikuwa kweli. Lakini hapakupita jioni hata moja ambayo sikucheza bao mpaka kete hazionekani. Nafasi ilikuwapo, ndugu zangu. Ilikuwa juu ya ubao wa bao.

Sasa naingia katika maungamo yenyewe.

Mwaka 1985 nilikuwa bwana shamba katika kijiji kimoja cha mkoa wa Tabora. Vijana wengi hapa hawajui kilichotufika miaka ile. Kulikuwa na mdudu mgeni, dumuzi, aliyetoka Amerika ya Kati akaingia nchini pamoja na nafaka, na ambaye alitambuliwa huko huko Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980. Sisi tulikuwa tumezoea fukusi. Fukusi hula, lakini hubakiza. Dumuzi huyatoboa mahindi yakiwa ghalani na kuyageuza vumbi, na hasara yaweza kufika theluthi ya akiba kwa miezi michache tu. Hata mihogo mikavu hakuisamehe.

Wataalamu walifanya kazi yao. Waligundua kwamba dumuzi hushambulia zaidi mahindi yaliyo katika magunzi, kwa kuwa punje zilizoshikana humpa mahali pa kujikaza anapotoboa. Punje zikiwa huru, humshinda. Basi ushauri ukawa huu: mahindi yapukuchuliwe, yachanganywe na dawa ya unga iliyotengenezwa kwa dawa mbili, moja ya kumwua fukusi na nyingine ya kumwua dumuzi, ndipo yahifadhiwe. Ushauri huo uliandikwa katika kijitabu kidogo cha Kiswahili chepesi. Nakala yangu ililetwa katika bahasha ya kaki. Nilitia sahihi kwamba nimeipokea, nikaiweka mezani, na juu yake nikaweka chupa ya chai. Ilikaa hapo miezi mitatu ikiwa kitambaa cha chupa.

Wakati wa mavuno niliitisha mkutano. Niliwaambia wanakijiji niliyofundishwa chuoni: wakaushe mahindi vizuri, wayaweke kihengeni na magunzi yake, wafukize moshi chini. Nilisema kwa sauti ya mtu msomi. Mzee mmoja aliyekaa nyuma alinyoosha mkono. Nikamwambia maswali yatakuwa mwishoni. Mwisho ulipofika, nilipanda baiskeli yangu nikaenda kucheza bao.

Mwezi wa Septemba vilio vilianza. Mama mmoja mwenye watoto watano alikuja ofisini na bakuli. Ndani yake mlikuwa na unga wa rangi ya maziwa yaliyochafuka, na vijidudu vyeusi vikitembea. Hakuja kunigombeza. Alikuja kuniuliza kama unga ule unaliwa. Ndugu zangu, nimeulizwa maswali mengi katika utumishi wangu, lakini hilo ndilo ninalolisikia mpaka leo. Kufika Januari, watu walikuwa wanauza mbuzi ili wanunue mahindi.

Nilizunguka nyumba kwa nyumba kuandika hasara. Nilipofika kwa yule mzee wa mkutanoni nilikuta mahindi yake salama, yamepukuchuliwa, yamo katika magunia. Nikamwuliza, "Mzee wangu, nani alikufundisha hivi?" Aliingia ndani, akatoa kitu kilichofungwa kwa nailoni kutoka katika makuti ya paa, akakifungua polepole. Kilikuwa kijitabu kile kile. Alipewa na mwalimu wake wa kisomo.

Mzee yule hakupata kuingia shule katika ujana wake. Alijifunza kusoma baada ya mwaka 1970, ule uliotangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, naye wakati huo amekwisha kupata wajukuu. Akaniuliza kwa upole, "Bwana shamba, wewe hukuletewa hiki?" Sikuwa na jibu. Nikamwuliza kwa nini hakuwaambia jirani zake. Akasema, "Niliwaambia. Wakanijibu, bwana shamba ndiye aliyesoma, wewe umejifunza herufi juzi."

Hapo, ndugu zangu, nilielewa jambo ambalo cheti hakikunifundisha. Watu walimwacha anayesoma wakamfuata aliyewahi kusoma. Na kosa halikuwa lao. Wao walitegemea kwamba mtu aliyepelekwa shule kwa kodi yao bado anasoma.

Nilimwuliza yule mzee anapata wapi nafasi ya kusoma, maana alikuwa na shamba la tumbaku, ng'ombe, na macho ya kuazima miwani. Alinijibu, "Mimi kila jioni, kuku wakianza kupanda, nasoma ukurasa mmoja. Kuku hawajakosa kupanda hata siku moja."

Usiku ule nilikisoma kijitabu changu kwa mwanga wa koroboi. Kilinichukua muda usiofika nusu saa. Nusu saa! Hiyo ndiyo iliyokuwa bei ya mahindi ya kijiji kizima. Mkutano wa pili niliuitisha wiki ile ile, nikasema mbele ya watu wote kwamba nilikosa, nikampa mzee kijitabu akakisoma kwa sauti. Alisoma kwa kidole, neno baada ya neno, na hapana aliyecheka.

Basi yanayofuata si maarifa yangu. Ni ya yule mzee, nami nimeyatumia miaka arobaini.

La kwanza, usiutafutie usomaji nafasi. Ufunge kwenye jambo ambalo lazima ulifanye. Mimi nilichagua maji ya chai. Tangu jiko la mkaa liwashwe mpaka maji yachemke, kitabu kiko mkononi. Sasa nyumbani tunatumia gesi na maji huchemka upesi mno, kwa hiyo nasoma mpaka chai ipoe. Mwingine atachagua kivuko, mwingine foleni ya hospitali, mwingine dakika za kumngoja mtoto alale. Chochote utakachochagua, kiwe kitu kisichokosa kuja, kama kuku wa yule mzee.

La pili, kitabu kikae pale pale jambo lenyewe linapofanyika. Changu hukaa karibu na kopo la majani ya chai. Kitabu kilichofungiwa kabatini ni pambo la nyumba.

La tatu, piganeni na haba. Kurasa 10 kwa siku zaonekana si kitu. Lakini kwa mwaka ni kurasa 3,650, yaani vitabu 18 vya kurasa mia mbili mbili. Ukisoma nusu ya hizo tu, ni vitabu tisa. Wangapi kati yetu tuliovaa tai leo tumesoma vitabu tisa tangu tutoke hapa?

La nne, someni kwa sauti nyumbani. Mama watoto wangu mwanzoni alinitania kwamba nimerudi darasa la pili. Baada ya mwezi mmoja ndiye aliyekuwa akiniuliza mbona leo sijaanza. Tulisoma Kusadikika cha Shaaban Robert hivyo, kidogo kidogo, watoto wakimenya viazi.

Na msiniambie kwamba hayo ni ya wastaafu. Shaaban Robert huyo huyo aliingia kazi ya ukarani katika idara ya forodha mwaka 1926, na alikuwa bado mtumishi wa serikali Kusadikika kilipotolewa mwaka 1951. Mwalimu Nyerere alikuwa Rais wa nchi changa yenye kila shida, na bado tafsiri yake ya mchezo wa Shakespeare juu ya Julius Caesar ilitoka mwaka 1963, ikafuatwa na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Nani kati yetu ana shughuli kuliko hao?

Ninyi vijana, najua mnasema mambo yote yamo katika simu. Ni kweli, hata mimi nasoma katika simu. Bahasha yangu ya kaki leo ingefika kwa simu, na ingefunikwa na ujumbe mia mbili wa vichekesho badala ya chupa ya chai. Chombo kimebadilika, uvivu ni ule ule. Mtihani mtaufanya na mtaufaulu, inshallah. Lakini kumbukeni kwamba siku mtakapopewa cheti, wako watu ambao hamjaonana nao, ambao watahifadhi chakula chao, watameza dawa na watajenga nyumba kwa neno lenu. Msifunge sanduku.

Ndugu Mwenyekiti, namaliza kwa ombi moja. Kila mwaka sisi wazee huletea maktaba ya shule vitabu tulivyochoka kuvipangusa vumbi. Mwaka ujao kila mmoja wetu alete kitabu kimoja tu, lakini kiwe alichokisoma mwenyewe katika mwaka huo hadi ukurasa wa mwisho, na aketi na mwanafunzi mmoja amsimulie kilichomo. Asiye na kitabu aje vivyo hivyo, tutampa chai. Ila aje na kuungama, kama mimi.