Nauli na Sare: Habari za Robert Stanton



Nimeombwa nizungumze juu ya kazi ya hifadhi, niliyoifanya mpaka nikastaafu. Yangu mmekwisha kuyasikia. Leo nataka nimtaje Mmarekani mweusi, Robert Stanton, ambaye sikupata kuonana naye.

Alizaliwa mwaka 1940 katika jimbo la Texas, akakulia Mosier Valley, kijiji kilichoanzishwa na watu waliotoka utumwani. Mwaka 1962 alikuwa mwanafunzi wa chuo cha Huston-Tillotson mjini Austin. Stewart Udall, waziri aliyesimamia hifadhi za taifa, aliona askari wa hifadhi karibu wote ni weupe, akaagiza vijana watafutwe katika vyuo vya weusi. Stanton akapata kazi ya msimu wa kiangazi huko Grand Teton, Wyoming, kwenye milima ambayo kilele chake cha juu kabisa hupita mita 4,000.

Kupata ni jambo moja, kufika ni jingine. Sare ilibidi ajinunulie, na nauli ya treni ajilipie. Nyumbani fedha haikuwapo, akakopa. Tena kumbukeni kwamba sheria ya kukataza ubaguzi katika hoteli na mikahawa ilipitishwa mwaka 1964. Basi kijana huyu alivaa sare ya serikali kuwakaribisha wageni hifadhini, na kwao Texas mwenye mkahawa aliweza kumfukuza mlangoni asishtakiwe.

Mwaka 1966 aliajiriwa moja kwa moja, ofisini Washington, upande wa utumishi. Najua ninyi vijana mnapenda habari za dubu na simba. Lakini mimi nimeona katika kazi hii kwamba meza ya utumishi ndiyo huamua nani ataingia porini na nani atabaki getini. Mwaka 1970 akawa mkuu wa hifadhi za mashariki ya mji huo, mwaka uliofuata akapelekwa Visiwa vya Virgin. Akaendelea kupanda. Alikuwa amekwisha kustaafu Rais Clinton alipomrudisha mwaka 1997 awe Mkurugenzi wa hifadhi zote za taifa, mweusi wa kwanza kushika cheo hicho. Alikaa mpaka mwaka 2001. Katika kipindi chake, mwaka 1998, sekondari ya Little Rock, ambako mwaka 1957 wanafunzi tisa weusi waliingia kwa ulinzi wa jeshi, iliwekwa katika orodha ya mahali panapotunzwa na taifa.

Mtasema hayo ni ya Marekani. Lakini Serengeti nayo, ilipofanywa hifadhi mwaka 1951, wakubwa wake walikuwa Wazungu, na Chuo cha Mweka kilifunguliwa mwaka 1963 ili Waafrika wafundishwe kuzishika kazi hizo. Ni miaka ile ile.

Sasa nije kwetu. Mwaka jana kijana aliyemaliza hapa alipata nafasi ya mafunzo ya porini, akaikosa kwa sababu ya nauli na jozi ya viatu. Sisi tulikuwa tunachanga fedha za karamu. Ndugu Mwenyekiti, natoa hoja chama chetu kiwe na mfuko wa nauli na sare, mkopo usio na riba, urudishwe mtu akianza kupata mshahara. Bahasha yangu nimeshamkabidhi mtunza hazina. Yuko pale karibu na mlango, na ana daftari la risiti.