UTUNZAJI WA MITO YA VITI VYA BARAZANI

Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi vya mwambao



Katika mwambao wa Tanga na Mkoa wa Pwani, mvua za masika hunyesha kuanzia Machi hadi Mei. Ndipo mito ya viti vya baraza la ofisi, anapoketi mkulima kungojea malipo yake, inapoota kuvu. Huanza harufu ya uvundo, kisha hufuata madoa meusi. Kamati huidhinisha mito mipya, na masika ya pili hasara hurudi palepale. Fedha hizo ni jasho la wanachama.

Mbegu za kuvu zimo hewani daima, wala hakuna dawa ya kuzimaliza. Zinachongojea ni unyevu. Mto uliolowa huweza kuanza kuota kuvu katika muda wa saa 24 hadi 48. Basi adui wa kupigwa vita ni unyevu.

Mto uliokwisha kuota kuvu utolewe nje, mbali na ofisi na ghala la mazao. Mwenye kuusafisha afunge pua na mdomo, kwani vumbi lake hudhuru, hasa wenye pumu. Ausugue kwa brashi kavu, kisha foronya ivuliwe na kufuliwa kwa maji ya moto na sabuni. Madoa yakibaki, yapakwe siki nyeupe kwa saa moja na kusuuzwa. Dawa ya klorini itumike kwa kitambaa cheupe cha pamba tu, na kamwe isichanganywe na siki, kwa maana mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu. Mto uanikwe juani ukiwa umesimama, ugeuzwe mpaka ukauke ndani. Sufi au sponji iliyoingiwa na kuvu itupwe. Foronya iliyotakata ijazwe upya.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwanza, paa la baraza linalovuja litengenezwe. Pili, mito iingizwe ndani kila jioni na kila mvua inapotanda. Tatu, isimamishwe juu ya chaga, mbali na ukuta, wala isifungwe katika nailoni ingali na unyevu. Nne, viti viundwe kwa mbao zilizoachiwa nafasi, ili maji na hewa vipite.

Kazi isiyo na mwenyewe haitimizwi. Katibu aandike katika daftari la mali idadi ya mito, tarehe iliyonunuliwa, na mtumishi aliyekabidhiwa. Kamati nayo ikague kabla ya Machi. Mwanachama akikalia mto wenye uvundo barazani, ana haki ya kuuliza jinsi mazao yake yanavyotunzwa ghalani.